Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kijana Mkatoliki na Safari ya Mwaka Kogwa



Mpendwa kijana mwenzangu, kila ukikaribia mwezi wa Julai, kwenye magrupu yetu ya vijana hapa Unguja na kule Dar es Salaam linaibuka swali moja. Mtu anatupia picha ya watu wanatwangana kwa mabua ya migomba, anaandika: "Wadau, mwaka huu twende Makunduchi!" Nusu saa haijaisha, mwingine anajibu: "Hiyo si mambo ya mizimu? Sisi Wakatoliki inaturuhusu?" Hapo grupu linagawanyika. Wengine wanacheka, wengine wanaogopa, wengine wananyamaza halafu wanakwenda kimyakimya bila kumwambia mtu.

Somo la leo ni kwa ajili ya makundi yote hayo. Tutaiangalia sherehe yenyewe, tutasikia Kanisa linatufundisha nini, halafu tutapanga safari kabisa, hatua kwa hatua. Kuna safari ya Makunduchi inayoweza kukujenga na kuna inayoweza kukubomoa. Zote mbili zinapanda daladala lile lile.

Masomo ya kutafakari: Lk 10:1-9, Mdo 17:16-34, 1 Kor 10:23-33, Ebr 13:1-2. Chukua Biblia yako, usome kwanza haya manne, kisha urudi hapa.

1. Mwaka Kogwa ni nini?

Tusihukumu kitu tusichokijua. Mwaka Kogwa ni sherehe ya mwaka mpya wa jadi, inayofanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika nusu ya pili ya Julai. Jina lenyewe linatoka kwenye kukoga, yaani kuoga: watu wanakoga baharini ili kuuanza mwaka wakiwa safi. Mizizi yake inahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, uliofika katika pwani yetu pamoja na simulizi za Washirazi.

Mwaka huu wa Nairuzi ni wa jua, una siku 365, ndiyo maana haufuati mwandamo wa mwezi kama Idi. Wazee wa pwani waligawanya siku zake katika miongo, kila mwongo siku kumi. Wakulima na mabaharia waliitumia hesabu hiyo kujua lini walime na lini watweke tanga. Kwa hiyo tangu mwanzo jambo hili lilikuwa na akili ndani yake, la watu waliokuwa wanazitazama mbingu, bahari na shamba.

Sherehe huchukua siku kadhaa, lakini siku ya kwanza ndiyo yenye mambo mengi. Wanaume wa pande mbili za mji wanakutana uwanjani na kupigana kwa mabua ya migomba. Inasemekana hapo zinatolewa chuki na vinyongo vyote vya mwaka mzima. Pambano likiisha, watu wamesameheana na hakuna wa kumdai mwenzake. Wanawake wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, wanazunguka wakiimba nyimbo za furaha na za utani. Kisha kinajengwa kibanda cha makuti, mtu anaingia ndani, kinachomwa moto, naye anatoka mbio akiwa salama. Maana yake ni kuomba kwamba mwaka unaoanza, hata nyumba ikiungua, asiangamie mtu. Zinasimuliwa pia habari za kuutazama moshi unaelekea wapi, ili kujua mwaka utakuwaje. Baadaye ni kula, ngoma, na watu kumiminika pwani.

Liko jambo moja zaidi ambalo watalii wengi hawalijui, nalo ndilo moyo wa somo letu. Siku hiyo watu wa Makunduchi wanataka kila nyumba iwe na mgeni. Kuusherehekea mwaka bila mgeni mezani si jambo jema. Hebu lishike hilo, tutalirudia.

Tuwe waangalifu pia na jambo hili: watu wa Makunduchi ni Waislamu. Hata miongoni mwao wapo wanaoipenda sana sherehe hii kama urithi wa babu zao, na wapo wanaohoji baadhi ya mambo yake kwa misingi ya dini yao. Kwa hiyo usiende ukidhani unaenda kuona "Uislamu unavyofanya". Wala usidhani wewe ni mtu wa kwanza duniani kujiuliza maswali kuhusu ule moshi.

2. Kanisa linasemaje?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliwaandikia wamisionari waliokuwa Uingereza. Wapagani wa kule walikuwa na mahekalu na sikukuu zao. Gregori hakuagiza kila kitu kibomolewe. Alielekeza sanamu ziondolewe, lakini majengo yatakaswe na kutumika kwa ibada ya Mungu wa kweli, na watu waachiwe siku zao za kuchinja na kula pamoja, sasa wakimshukuru Muumba. Alijua kwamba moyo wa mtu unapanda mlima hatua kwa hatua.

Miaka mingi baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate kuhusu dini nyingine. Humo Kanisa linafundisha kwamba halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo, na linazungumza juu ya Waislamu kwa heshima. Katika tamko hilo hilo Kanisa linasema pia kwamba halina budi kumtangaza Kristo bila kuchoka. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Anayeshika la kwanza tu anakuwa bendera fuata upepo, na anayeshika la pili tu anakuwa mgomvi.

Upo pia mstari usiovukwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2110, inaeleza makosa dhidi ya amri ya kwanza: ushirikina, uaguzi, uchawi. Namba 2116 inakataa kila namna ya kutafuta kujua yaliyofichika ya kesho kwa kupiga ramli au kutazama dalili. Mambo ya kesho yako mikononi mwa Baba, na tunampumzikia yeye.

Pengine mtu atauliza: mbona kwingine Wakatoliki wenyewe wana sherehe zenye mambo ya jadi? Kweli. Kule Peru, katika milima ya Andes karibu na mji wa Cusco, kuna hija iitwayo Qoyllur Rit'i. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, maelfu wanapanda hadi bonde la Sinakara, zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari, wakicheza ngoma za mababu zao, kumheshimu Bwana Yesu katika sura iliyo kwenye mwamba. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2011. Mkatoliki anayekwenda kule anakwenda kuhiji. Anaweza kupiga magoti, kwa sababu Bwana anayeheshimiwa pale ni Bwana wake.

Makunduchi si hivyo. Pale si hija yetu, na tusijifanye kwamba ni yetu. Basi kama sisi si mahujaji pale, ni nani?

3. Watu watatu sherehekani, na wa nne

Mwandishi wa Kirumi Cicero anasimulia habari ya Pythagoras, kwamba aliyafananisha maisha na michezo mikubwa ya Wagiriki. Watu wa aina tatu wanakwenda pale: wanaoshindana ili wapate taji, wanaofanya biashara, na wanaokwenda kutazama tu. Yeye aliwasifu hao wa tatu, akasema ndio wanafalsafa. Tena Wagiriki walikuwa na neno *theoria*, ambalo mwanzoni lilihusu kwenda kutazama sherehe takatifu ya mji mwingine kwa niaba ya mji wako. Hata kitabu cha Plato kiitwacho *Jamhuri* kinaanza na Socrates akishuka Piraeus kwenda kuona sherehe ya mungu wa kike iliyokuwa ikifanyika kwa mara ya kwanza. Na sisi Waswahili tunasema "nadharia", neno lenye asili ya Kiarabu linalotokana na kutazama.

Kutazama vizuri ni jambo jema. Sisi mafrateri tunatumia miaka darasani kujifunza kutazama. Lakini Mkristo hawezi kuishia hapo, kwa sababu mtazamaji anabaki nje. Anawaangalia watu kama anavyoangalia kitu. Leo mtazamaji ana simu mkononi: anapiga picha, anaweka status, anaondoka, wala hajui jina la mtu hata mmoja.

Injili inatuonyesha mtu wa nne: mgeni. Bwana anapowatuma wale sabini na wawili (Lk 10), hawatumi kutazama miji. Anawaagiza waingie nyumbani, waitakie amani, wakae humo, wale wanachopewa, wasihamehame kutafuta pazuri zaidi. Yeye mwenyewe aliishi hivyo: mgeni kwa Zakayo, mgeni kwa Martha na Maria, mgeni kule Emau. Kwa kuwa mgeni ndivyo alivyoiponya nyumba.

Wahenga wetu walilijua hilo kwa njia yao waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Makunduchi, siku ya mwaka, nyumba inamsubiri mgeni. Basi jibu letu ni hili: kijana Mkatoliki asiende Mwaka Kogwa kama mshiriki wa matambiko, wala kama mtalii wa kutazama watu. Aende kama mgeni. Mgeni ana mlango anaoingilia, ana mtu anayemjua, ana adabu, na ana kwao. Hili la mwisho ni muhimu mno. Asiye na kwao si mgeni, ni mpotevu. Mgeni wa kweli anajua yeye ni mtoto wa nani.

4. Vipimo vitatu kabla ya kusema "ndiyo"

Katekisimu (namba 1750) inatufundisha kwamba uadilifu wa tendo unapimwa kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia, na mazingira. Tuvitumie hapa.

*Kwanza, tendo lenyewe.* Usiulize "Mwaka Kogwa ni dhambi?" Swali hilo ni pana mno. Uliza juu ya kila tendo. Kula pilau kwa mwenyeji wako? Hilo ni karamu, kula na ushukuru. Kusikiliza nyimbo, kuwapongeza kina mama kwa kanga zao? Vizuri. Kuoga baharini? Maji ni ya Mungu. Lakini usiyaoge ukiamini yanakuondolea mikosi, maana wewe ulishaoshwa kwa Ubatizo na hakuna mwaka unaoweza kukuongezea usafi ule. Kutazama kibanda kikiwaka? Tazama, na ndani ya moyo wako uwaombee wenyeji usalama uleule wanaoutafuta. Kuusoma moshi ili ujue bahati yako? Hapana. Kupewa hirizi, kuagua, kutoa sadaka kwa mizimu? Hapana, kwa upole na bila maelezo marefu.

Na lile pambano? Vijana wa kiume ndio wanalotaka kuliingia! Ushauri wangu: waachie wenyewe. Pande zile mbili ni za watu wa mji, na vinyongo vinavyotolewa ni vya majirani wanaojuana. Wewe ukiingia unakuwa umeingilia ugomvi wa ndugu, halafu kesho hupo kwenye kusameheana kwao.

Mtume Paulo alikutana na jambo kama hili Korintho (1 Kor 10). Mkristo akialikwa na jirani asiye Mkristo, anasema, ale kinachowekwa mbele yake bila kuhojihoji. Lakini akiambiwa waziwazi kwamba hiki kimetolewa sadaka kwa mizimu, asile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyemwambia. Uhuru upo, mpaka upo, na kinachoongoza vyote ni upendo.

*Pili, nia.* Unaenda kwa nini? Kujifunza na kujenga ujirani, ni nia safi. Kutafuta cha kuchekea, au kwenda kuwahukumu watu ili ujione bora, nia imeoza. Kutumia sherehe kama kisingizio cha kulala pwani na mpenzi wako mbali na macho ya wazazi, hapo ndugu yangu Mwaka Kogwa wala hauhusiki. Usiwasingizie watu wa Makunduchi.

*Tatu, mazingira.* Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, katika kitabu cha sita cha *Maungamo* anasimulia habari ya rafiki yake Alipio. Alipio aliyachukia mapigano ya kuuana katika viwanja vya Roma. Siku moja marafiki wakamvuta kwa nguvu. Akajiaminisha: mwili wangu utakuwepo, moyo wangu hautakuwepo. Akafumba macho. Umati ulipopiga kelele akayafumbua kidogo tu, na mara akalewa ile damu, akarudi tena na tena, akiwavuta na wengine. Makunduchi si uwanja wa kuua, tusiwaonee. Lakini funzo ni lilelile: umati una nguvu, na anayejiamini kupita kiasi ndiye wa kwanza kubebwa. Usiku, ngoma zikikolea na wageni kutoka kila kona wakijaa pwani, jiulize uko na nani na mtaondoka saa ngapi.

Katika kitabu hichohicho kuna mama yake, Mtakatifu Monika. Kwao Afrika alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Milano akazuiwa mlangoni, kwa agizo la Askofu Ambrosi, kwa sababu desturi ile ilifanana na karamu za wapagani kwa wafu wao, na iliwapa walevi nafasi. Monika hakugomba. Aliiacha mara moja, akaanza kuwapa maskini alichokuwa nacho. Hapo utaona mambo mawili: desturi zetu zinahitaji kupepetwa, na anayependa hasumbuki sana kuacha makapi.

5. Sasa tupange safari

*Miezi miwili kabla.* Mtafute mwenyeji. Hili ndilo la kwanza, kabla hata ya nauli. Hapa Unguja karibu kila mmoja wetu ana mwanafunzi mwenzake, jirani au mfanyakazi mwenzake mwenye asili ya kusini. Mwambie wazi: "Tungependa kuja kwenu siku ya mwaka, tunaweza kukaribishwa?" Yeye pia atakuthibitishia tarehe, usitegemee picha za mwaka jana. Mkikosa mwenyeji, nendeni wachache, na mwende kwa unyenyekevu zaidi.

*Mwezi mmoja kabla.* Mwambieni paroko au mlezi wenu, na wazazi wajue. Safari ya kujificha imeshajihukumu. Someni pamoja Nostra Aetate. Ni fupi, jioni moja inatosha.

*Siku ya kuamkia.* Kama mnatoka Dar es Salaam, boti ya mwendo kasi inachukua kama saa mbili; fikeni mapema na kila mmoja awe na kitambulisho. Siku hiyo ianzieni Mji Mkongwe, kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo mtaani linaitwa Minara Miwili. Lilijengwa kati ya 1893 na 1898. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza wa nyakati hizi waliingia Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafuata mwaka 1863, kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo 1868. Yaani Ukatoliki wa Afrika Mashariki wa zama hizi ulianza kwa kuwa mgeni katika mji wa Waislamu, chini ya Sultani aliyewapokea. Piga magoti pale, ungama kama padre yupo, shiriki Misa. Sherehe ikiangukia Jumapili, Misa haiwekwi pembeni. Tafuta ya Jumamosi jioni au ya alfajiri.

Kisha tembeeni hadi Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambapo leo lipo kanisa kuu la Anglikana. Kaeni kimya dakika kumi. Visiwa hivi vimeona binadamu akitazamwa kama kitu cha kununua. Ukitoka pale utajifunza kumtazama mtu wa Makunduchi kama mtu.

*Asubuhi ya safari.* Makunduchi ni mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka mjini, barabara ikipita Tunguu na msitu wa Jozani. Daladala zipo, ila siku hiyo zinajaa. Kundi kubwa likodi gari na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabisa. Njiani salini Rozari.

*Mavazi.* Dada, gauni refu au dera na mtandio. Kaka, suruali ndefu na shati la heshima. Siku hiyo wenyeji wanavaa vizuri kuliko siku zote. Kwenda na kaptura ni kuwaambia sherehe yao haikuhusu. Msalaba wako shingoni usiufiche wala usiutikise.

*Mkononi.* Mgeni haendi mikono mitupu. Sukari, mchele, majani ya chai, kitenge au kanga kwa mama wa nyumba. Pombe msibebe, hata moja ya "kujichangamsha jioni".

*Mlangoni.* Piga hodi, subiri karibu. Vua viatu. Wape wazee shikamoo mmoja mmoja. Kula kwa mkono wa kulia. Kabla ya kula fanya ishara ya msalaba kwa utulivu kama unavyofanya kwenu, hakuna atakayekushangaa. Adhana ikilia, nyamaza, punguza simu, na wewe pia mwinulie Mungu moyo. Ikifika saa sita mchana, sali Malaika wa Bwana polepole.

*Simu.* Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa akina mama na watoto. Na ujitahidi ujue majina ya watu watatu kabla ya kupiga picha ya kwanza.

*Jioni.* Muage mwenyeji kabla giza halijakomaa. Kundi lirudi pamoja, idadi ileile.

6. Ukiulizwa kuhusu imani yako

Utaulizwa tu. "Nyinyi Wakristo mnaonaje mambo haya?" Hapa ndipo wengi wanapoharibu, ama kwa kuogopa ama kwa kuanzisha mdahalo. Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1219, katikati ya vita, alikwenda Damietta kule Misri kukutana na Sultani al-Malik al-Kamil, bila silaha, na akarudi salama. Baadaye, katika kanuni aliyowaandikia ndugu zake, aliwaelekeza wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu kwamba njia ya kwanza ni kutoanzisha mabishano, kuwatumikia watu wote, na kukiri tu kwamba wao ni Wakristo. Kuhubiri waziwazi ni njia ya pili, wanapoona inampendeza Mungu.

Basi jibu kwa ukweli na kwa upole, kama anavyotaka Mtume Petro (1 Pet 3:15). Unaweza kusema: "Mnavyoanza mwaka kwa kusameheana, kimetugusa sana. Kwetu Yesu anatuambia tukikumbuka ndugu ana neno nasi, tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza." Hapo umeshuhudia bila kumpiga mtu na bua.

Isitoshe, ujirani hapa Zanzibar si mapambo. Februari 2013 Padre Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi hapa Unguja, Jumapili asubuhi, akienda kuadhimisha Misa. Jeraha lile tunalikumbuka katika sala zetu. Baada ya jambo kama hilo kishawishi ni kujifungia, kila mtu na wake. Lakini chuki hukua vizuri zaidi mahali ambapo watu hawajawahi kula pamoja. Tarehe 4 Februari 2019, kule Abu Dhabi, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad Al-Tayyeb, walitia sahihi hati ya udugu wa kibinadamu. Hati za wakubwa ni nzuri, ila zinatimizwa na wadogo: sahani moja ya pilau, jina moja ulilolishika, simu moja ya "mmeamkaje huko?" wiki inayofuata.

7. Ukirudi nyumbani

Mgeni anarudisha mwaliko. Huyo aliyekukaribisha Makunduchi, mkaribishe Noeli au Pasaka kwenu, na umwandalie chakula ambacho yeye anaweza kula bila wasiwasi: nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na meza isiyo na pombe. Asipokuja, mpelekee.

Halafu jichunguze. Wenzetu wana siku moja kwa mwaka ya kutoa vinyongo hadharani. Sisi tuna Kitubio kila wiki, na bado tunakaa na kinyongo na mwanakwaya mwenzetu tangu Pasaka ya mwaka juzi! Ukirudi Makunduchi bila kumsamehe mtu hata mmoja, umeona moshi tu.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Katika sherehe za jadi za kwetu (jando, matanga, arusi), ni matendo gani ni karamu, yapi ni desturi tu, na yapi yanavuka mstari wa amri ya kwanza?
2. Ni lini mara ya mwisho nimekula nyumbani kwa mtu asiye wa dini yangu? Je, ninajua majina ya watoto wake?
3. Katika matembezi yangu ya mwaka huu nilikuwa mtazamaji au mgeni?

Azimio la wiki: Mtafute mtu mmoja ambaye mna neno, mpatane kabla ya Jumapili.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mgeni katika nyumba zetu ukatuponya, utufundishe kupiga hodi kwa adabu na kuingia na amani. Utulinde tusiitafute kesho yetu kwenye moshi, kwa maana kesho yetu ni wewe. Uwabariki majirani zetu wa Makunduchi na wa visiwa hivi vyote, uwape mwaka mwema, na utukusanye siku moja mezani kwa Baba. Amina.

Mtakatifu Yosefu, utuombee.